Badili swali kabla dadu haijatupwa

"Mamdogo, sasa nimetupa dadu ya nini?"

Swali hilo aliniuliza binti wa dada yangu, Jumamosi usiku, barazani kwangu Chumbageni, Tanga. Tulikuwa tunacheza mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, na mhusika wake ni rubani wa mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba. Walikuwa wanapita mlango wa mwamba gizani, maji yanakupwa, nami nikamwambia atupe dadu ya pande ishirini, jumla ifike 15. Rubani wake ana nyongeza ya 5, namba ya ujuzi wake inayojumlishwa na ya dadu, kwa hiyo alihitaji 10 au zaidi. Ikaanguka 4. Jumla 9. Mimi nilikuwa nimeandaa mambo ya wiki tatu yanayowasubiri Kilwa: soko, kadhi, tajiri anayewadai fedha. Chombo kikizama, yote yanakwenda na maji. Nikasema, "Mmekwaruza mwamba kidogo, ila mmepita." Akaitazama dadu, akanitazama mimi, ndipo akauliza.

Sikuwa na la kumjibu usiku ule. Haya ninayoandika ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo, nami nayaandika kwa ajili ya yeyote anayeendesha meza kama yangu au anayetamani kuanza.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu: watu wanakaa pamoja, kila mmoja anabeba mhusika mmoja, na mtu mmoja, msimulizi, anabeba dunia yote iliyobaki, yaani upepo, wenye maduka, maadui, hata mbwa wa bandarini. Msimulizi anaeleza hali, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo haijulikani kitakachotokea, dadu inaulizwa. Meza yangu ina wachezaji wanne: huyo binti, shemeji yangu, mwalimu mwenzangu wa kemia, na jirani yetu fundi cherehani. Tunatumia toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka 2014. Kanuni zake za msingi ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons mwaka 2023, kwa hiyo mtu ana ruhusa ya kuzitafsiri ilimradi ataje zilikotoka. Mimi nimeziandika kwa Kiswahili kwenye daftari moja. Dunia yetu ni pwani hii hii, miaka ya 1330, muda mfupi baada ya Ibn Battuta kupita Kilwa.

Usizuiwe na kukosa dadu. Chukua karata za kawaida, toa wale wenye picha, ubaki na moja hadi kumi za aina zote nne. Nyekundu zihesabu kama zilivyo, 1 hadi 10. Nyeusi ziongezee kumi, 11 hadi 20. Changanya, chomoa moja, soma, irudishe, changanya tena. Ukiacha kuirudisha, hesabu inaharibika, maana namba iliyokwisha kutoka haina nafasi sawa na nyingine ya kutoka tena. Tulicheza hivyo miezi minne.

Kazi ya kanuni

Baba yangu alikuwa mcheza bao. Mashimo 32, kete 64, na watu sita wamesimama nyuma yake wakisema kila walitakalo. Walitaniana, walisimuliana habari za mtaa mzima, walimshauri hadi akasirike. Ila sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akisema, "Hebu rudisha zile kete, mchezo utanoga zaidi akishinda huyu." Maneno yalikuwa huru, kete hazikuguswa, na ndiyo maana mzee akishinda alitembea tofauti akirudi nyumbani.

Mtambaji wa ngano yeye anaweza kumwokoa sungura kila akipenda. Sungura ni wake. Lakini rubani yule si wangu, ni wa binti. Ndiye aliyemtungia tabia, ndiye aliyeamua kwamba anaogopa maji mafu kuliko bamvua. Nilipoipuuza ile 4, nilimnyang'anya rubani wake bila kumwambia, na kuanzia hapo ushujaa wowote ambao angeufanya ungekuwa zawadi kutoka kwangu. Watu hukaa wakibishana ni kipi kitangulie, kanuni au hadithi, kana kwamba ni mizani ya dukani, ukiongeza huku unapunguza kule. Kwa niliyoyaona mezani kwangu, kanuni ndiyo inayoifanya hadithi iwe ya wale wanaoicheza.

Lakini hilo halimaanishi kutupa dadu kila dakika. Kinyume chake.

Uliza vizuri

Kabla hujasema "tupa", jiulize kama unaweza kuyabeba majibu yote mawili. Mimi sikuweza. Kuzama kwa mtepe hakukuwa na nafasi katika kichwa changu, na bado niliuliza swali ambalo jibu lake moja lilikuwa kuzama. Kosa langu lilianza pale, kabla dadu haijagusa meza.

Nilikuwa na njia tatu za kufanya jambo lile lile bila kumdanganya mtu. Ya kwanza, kutokuuliza kabisa: rubani huyu ameupita mlango huu mara nyingi, nyota zinaonekana, anapita, nielezee anavyopita. Hakuna dadu, na hakuna ubaya wowote. Ya pili, kuuliza gharama badala ya kuuliza kama watapita: "Mtapita. Dadu inatuambia mtapoteza nini. Ukifika 15, hamkosi kitu. Usipofika, usukani umevunjika na mtaingia Kilwa mkivutwa na ngalawa ya mvuvi, mji mzima unawatazama." Ya tatu, kuuliza lile lile la kuzama, lakini kwa sauti, kila mtu asikie kabla ya kutupa.

Zote tatu ni halali. Ninachokikataa ni ile ya nne niliyoifanya mimi, ya kuuliza jambo moja na kujibu jingine. Swali ni mali yako wewe msimulizi. Ligeuze, lipunguze, lifute ukitaka. Dadu ikishaanguka, jibu ni mali ya meza.

Kwa hiyo jizoeze kutamka dau, yaani kile kinachowekwa hatarini. Sentensi mbili zinatosha: ukipata, hivi, ukikosa, vile. Mwanzoni utaona kama unaharibu mshangao. Subiri uone watu wanavyoiegemea meza wakati dadu inabingirika, kwa sababu sasa wanajua inabeba nini. Na kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea: mara nyingi mchezaji akisikia dau anabadili mpango. "Ngoja, shem, kama ni hivyo siruki, nashuka kwa kamba." Hapo mhusika amefikiri, na hadithi imepata njia ambayo wewe hukuiona.

Hesabu ambayo wasimulizi wengi hawaifanyi

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtanivumilia.

Katika kanuni tunazotumia, jambo rahisi linahitaji 10, la wastani 15, gumu 20. Mhusika mwenye nyongeza ya 5 atafaulu la kwanza kwa asilimia 80, la pili kwa asilimia 55, la tatu kwa asilimia 30. Soma tena ile ya katikati. Kinachoitwa cha wastani, mtu aliyekisomea anakikosa karibu nusu ya mara zote. Ukimtaka fundi wa kufuli atupe dadu kwa kila kufuli, atakuwa fundi anayeshindwa na nusu ya makufuli ya mji, na hakuna simulizi litakalomrudishia heshima yake.

Hatari kubwa zaidi ni kuuliza swali lile lile mara nyingi. Wahusika wanne wanapita nyuma ya ghala usiku, na kila mmoja ana asilimia 80 za kutosikika. Ukimtaka kila mmoja atupe na wote wafaulu, nafasi ya kundi ni 0.8 mara yenyewe mara nne: asilimia 41. Ukiwarudisha watupe tena mlangoni, imebaki 17. Msimulizi hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kuongeza msisimko, lakini ameshaamua kwamba watakamatwa. Kisha wachezaji wanajifunza kwamba kunyata hakufai, na kuanzia siku hiyo kila tatizo wanalitatua kwa upanga.

Toleo la tano lina dawa yake, na wengi huiruka wakisoma: kundi likifanya jambo pamoja, nusu wakifaulu kundi zima limefaulu. Kwa hao hao wanne wenye asilimia 80, nafasi inapanda hadi 97. Tena unapata picha nzuri ya bure, maana mwenye masikio makali alimshika mkono yule aliyekuwa anakaribia kukanyaga vifuu. Na wakishatupa mara moja, matokeo yale yasimame mpaka hali ibadilike kweli. Usiulize tena mlangoni.

Kanuni nyingine inayofaa kuliko inavyoonekana: mhusika akiwa na jambo linalomsaidia, anatupa dadu mbili na kuchukua kubwa, likiwapo linalomzuia, anachukua ndogo. Aliyehitaji 10 anatoka asilimia 55 kwenda karibu 80, au anashuka hadi 30. Hapa ndipo maneno ya mchezaji yanapogeuka kuwa namba. Binti akisema anasubiri wingu lipite ili auone Mwezi juu ya povu la mwamba, simwambii tu "umesema vizuri". Nampa dadu ya pili.

Yale yasiyofaa kutupiwa

Barua iliyofichwa ambayo bila kuonekana hadithi haiendi popote, usiitupie dadu. Robin Laws, mtunzi wa michezo kutoka Kanada, alitengeneza mfumo mzima wa michezo ya upelelezi, GUMSHOE, kwa msingi huu: mhusika mwenye ujuzi unaohusika akitafuta mahali panapohusika, dalili kuu anaipata. Kazi ngumu ni kuielewa. Nimeuchukua msingi huo bila kuchukua mfumo wenyewe. Barua wanaipata. Dadu inatuambia kama wameipata kabla mwenye nyumba hajarudi.

Kuna mchezo mwingine, Apocalypse World wa 2010, ambao sijauendesha zaidi ya mara mbili lakini umenibadilisha. Unatupa dadu mbili za kawaida na kujumlisha. Kumi na zaidi, umepata. Saba hadi tisa, umepata lakini kuna gharama. Sita na chini, msimulizi anajibu kwa pigo. Kati ya matokeo 36 ya dadu mbili, 15 ni yale ya saba hadi tisa, kabla hujaongeza nyongeza yoyote. Yaani jibu la "ndiyo, lakini" limejengwa ndani ya kanuni zenyewe, wala halitegemei huruma ya msimulizi. Mezani kwetu tumeandika kanuni ya nyumbani: ukikosa kwa 1 au 2, unaweza kuchagua kupata kwa gharama nitakayoitaja. Kilicho muhimu ni kwamba imeandikwa, na wote wanaijua kabla ya kutupa.

Na kutoka Blades in the Dark, wa John Harper, tumechukua duara. Unachora duara kwenye kadibodi, unaligawa vipande vinne, sita au nane, unaandika juu yake kinachokuja: "Askari wa tajiri wanawafikia." Kila wachezaji wanapopoteza muda au kukosa vibaya, unajaza kipande. Likijaa, limetokea. Zamani nilikuwa naleta maadui nilipoona watu wanasinzia. Sasa maadui wanakuja kwa sababu duara limejaa, na wachezaji waliliona likijaa mbele ya macho yao kwa wiki mbili. Sijui kanuni nyingine yenye kufanya kazi ya msimulizi kwa wingi hivi kwa kutumia kalamu na kipande cha boksi.

Mazungumzo

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo meza nyingi zinapomuumiza mtu bila kujua.

Dungeons & Dragons ya kwanza ilitoka 1974, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, kazi ya Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota. Wote wawili walitokea kwenye michezo ya vita, ya kupanga askari wadogo mezani na kupima umbali kwa rula. Ndiyo maana hadi leo kanuni za mapigano zinajaza kurasa nyingi, na za kumshawishi mtu ni chache. Uchache huo unawafanya wasimulizi waseme: basi kwenye mazungumzo hatutumii dadu, mchezaji aongee mwenyewe, akinishawishi amepata.

Jirani yangu fundi cherehani ni mtu wa maneno machache sana. Mhusika wake ni mganga ambaye watu husafiri siku mbili kuja kumsikiliza. Kwa miezi ya mwanzo niliendesha kwa mtindo huo wa "nishawishi", na kila penye mazungumzo mwalimu wa kemia, ambaye anaweza kuongea mpaka taa izime, alifanikiwa kwa niaba ya mchuuzi wake asiye na haiba yoyote kwenye karatasi. Mganga alikaa kimya. Fundi akaanza kuchelewa kuja.

Hatumtaki mtu ainue gunia la mchele kabla mhusika wake hajavunja mlango. Kwa nini tumtake mtu wa kimya awe khatibu? Sasa nauliza mambo mawili tu: mganga anataka nini kwa huyu kadhi, na anamgusa wapi, kwenye hofu, haki, fedha au udugu? Fundi akanijibu siku ile, "Namkumbusha kwamba mwanawe nilimtibu." Maneno manne. Nikampa dadu ya pili, akapata 18, na mimi nikayatamka maneno ya kadhi yaliyojaa aibu. Anayetaka kuongea kwa sauti ya mhusika wake aongee, tunafurahi, na hoja yake nzuri inashusha ugumu. Lakini ulimi wa mchezaji usimfute mhusika wa mwenzake.

Mengine kwa ufupi

Mkibishana juu ya kanuni katikati ya mchezo, mpeni msimulizi dakika mbili. Aamue, aandike uamuzi pembeni ya daftari, mchezo uendelee. Kitabu kifunguliwe kesho yake. Kama uamuzi ulikuwa na makosa, uwaambie wote wiki inayofuata kabla hamjaanza.

Tupa dadu zako wazi. Nilikuwa na jalada kubwa nililolisimamisha mbele yangu kuficha dadu za msimulizi. Nimeliondoa.

Kabla ya kisa cha kwanza, kaeni mkubaliane mambo yasiyoingia mezani. Kwetu mchezaji mmoja aliomba kusiwe na majini, kwa sababu za nyumbani kwao ambazo hakuna aliyemuuliza. Hakuna majini. Kanuni hiyo iko juu ya dadu na juu ya hadithi, na haijadiliwi upya kwa sababu kisa kimenoga.

Ni hivi majuzi tu tuliporudi kwenye mlango ule ule wa mwamba. Safari hii nilisema yote kabla. "Usiku wa bamvua, maji yanatoka kwa nguvu. Ukifika 15, mmepita. Usipofika, mtepe unavunjika hapa na mizigo yote inapotea. Hakuna atakayekufa kwa dadu hii. Mnaweza pia kutia nanga mpaka maji yajae tena, lakini nitajaza vipande viwili vya duara la askari." Vilikuwa vimebaki vitatu. Walibishana robo saa nzima. Shemeji alitaka nanga. "Shem, mzigo si wetu, tukiupoteza tutalipa kwa nini?" Mwishowe wakamwachia rubani.

Ikaanguka 2.

Hakuna aliyenitazama mimi. Walimtazama yeye. Nikamwambia, "Mwanangu, chombo ni chako, tueleze kinavyokwenda." Akaeleza mwamba unavyoingia upande wa kushoto, chini ya ngama, na kamba za makumbi zinavyokatika. Akanyamaza. Ndipo fundi cherehani akasema, bila kuulizwa, kwamba mshono wa uzi mmoja ukikatika mahali pamoja hauachi pale, unafumuka wote, na akaonyesha kwa mikono yake mbao zinavyoachana moja baada ya nyingine kutoka omo hadi tezi. Alisema kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia. Kisha akasema mganga anakata tanga la mkeka, analiviringisha kwenye mbao mbili, anawafunga wenzake humo.

Tulimaliza saa sita kasoro. Watu wanne wako juu ya mwamba, tanga la mkeka limelowa, maji yameanza kurudi, na duara la askari lina vipande vitatu vitupu. Soko la Kilwa nimelifuta kwa penseli. Jumamosi tunaanzia hapo mwambani.